Ndoana na Mwezi wa Mfunguo Saba

Jang'ombe, Jumatano, 16 Julai 2025

Mama Sumaiya,

Assalamu alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima hapo Mkokotoni, wewe na kaka yako Silima na watu wote wa nyumba. Mimi sijambo, ila kifua changu na vumbi la makochi ninayoshona unakijua.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu yangu hupokei. Bashira kaniambia umeapa, wallahi sauti yangu kwenye simu huisikii mpaka eda yako imalizike. Haya, kiapo ni kiapo, mimi sikuvunjishi. Na yeye jirani yetu kila Alkhamisi yuko huko kununua dagaa wa kuuza Darajani, kwa hiyo atatuchukulia.

Sasa nisikilize, ni jambo dogo tu. Nakwenda kuvua kama kawaida, nikishasali Alasiri, pale majabalini Mazizini. Tangu uondoke sijarudi hata na samaki wa kumpa paka. Zile ndoana nilizonunua mwenyewe, zile ulizozicheka hapa barazani mbele ya Tahir na wenzake, ukasema, "Baba Sumaiya, hizo za papa, wewe unavua chaa," basi nimezitia koponi. Sisemi kuwa ilikupasa kunicheka mbele ya watu. Nasema nimezitia koponi.

Tahir hadi leo ananiita Bwana Papa. Hata tukitoka msikitini, viatu hatujavaa: "Bwana Papa, jana umeshusha wangapi?"

Wewe ndiye uliyekuwa ukinichagulia ndoana na kunifungia miaka yote hii, kama marehemu baba yako alivyokufunza. Niandikie basi. Ndoana gani, mshipi gani, chubwi ya kuzamishia nzito au nyepesi? Majabali yale yanameza chubwi zangu kama vidonge.

Nimempa Bashira mchele, mafuta na sukari akuletee.

Ni mimi Shamsi, fundi wako.


Mkokotoni, Alkhamisi, 17 Julai

Baba Sumaiya,

Wa alaykumu salaam. Vitu nimevipokea, Mungu akuzidishie.

Niseme kweli. Tangu jioni ile mwezi wa Mfunguo Nne ulipoandama mwishoni mwa Juni, uliponitamkia talaka moja kwa sababu ya kicheko, kaka akaja kunichukua, nimekaa hapa sitoki ila kwa dharura. Leo Bashira kaingia na bahasha yenye mwandiko wako. Moyo ukanienda mbio kama wa mwari. Nikajifungia chumbani, nikavaa miwani ya kuazima kwa wifi, nikasoma. Nikakuta ndoana.

Haya, ndoana na ziwe ndoana.

Chaa ana kidomo kidogo kinachotoka nje kama mrija. Hang'ati, anafyonza. Ndoana kubwa ataizunguka, ale chambo pembeni, aende zake. Kwa hiyo nunua namba kumi na nne, au kumi na mbili ukikosa. Na usifanye lile kosa lako, namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Tazama waya wake uwe mwembamba lakini usiwe laini. Chukua moja, ibane kwa koleo, ipinde kidogo. Ikinyooka kama uzi wa nguo, irudishe. Kisha ncha yake ipitishe juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwaruza ni kali. Ikiteleza ni butu, hata kama imetoka dukani leo.

Na chubwi yako inamezwa kwa kuwa unaifunga kwa mshipi huo huo mmoja. Ifunge kwa kipande cha mshipi mwembamba zaidi. Ikinasa jabalini utavuta, kile chembamba kitakatika, utapoteza chubwi peke yake, na ndoana na samaki vitarudi kwako. Hili nilikuwa nalifanya kila mara. Ulidhani ni bahati yako.

Sumaiya sijamwambia kitu, yumo kwenye mitihani ya chuo kikuu huko Tunguu. Anajua nimekuja kumuuguza shangazi. Na wewe usimwambie.

Allah akuhifadhi na majabali.

Mwanapili


Jang'ombe, Jumatano, 23 Julai

Mama Sumaiya,

Baada ya salamu. Nimekwenda Darajani na barua yako mfukoni. Nikamwambia muuzaji nipe namba kumi na nne. Kanitazama kuanzia kofia mpaka ndara. "Mzee, unavua au unashona?"

Nikamwambia, "Vyote viwili."

Nikaomba koleo, nikapinda moja. Kelele alizopiga, watu wa duka la pili walidhani kaibiwa. Lakini haikunyooka, nikanunua. Chubwi nimeifunga ulivyosema, nayo kweli, imekatika peke yake, mshipi ukarudi. Nikasema alhamdulillahi, leo Tahir atanyamaza.

Wapi! Naguswa, navuta, ndoana tupu. Naguswa, navuta, ndoana tupu. Nimetia kamba, nimetia ngisi, hata mkia wa pweza nimetia. Jioni nzima nawalisha chaa wa Mazizini kama watoto wa chuoni, wanashiba wanaondoka. Nilirudi nikakaa barazani peke yangu, na chai sikupika, maana mimi chai yangu haipikiki. Nimekasirika mpaka nikaogopa kusali na hasira ile, nikatia udhu mara ya pili.

Niambie kosa liko wapi. Nimekuletea unga, majani ya chai, na miwani yako uliyoiacha juu ya kabati.

Wako katika uzembe huu wa kuvua,
Shamsi


Mkokotoni, Alkhamisi, 31 Julai

Baba Sumaiya,

Salamu kwa wingi. Miwani nimeipokea, sasa nakuona vizuri.

Kosa liko mkononi mwako. Ukiguswa unavuta kama unang'oa msumari kwenye kochi la watu. Mdomo wa chaa ni ngozi tu, ukivuta hivyo unauchana. Mshipi ulaze juu ya kidole cha shahada. Mguso wa kwanza mwache. Wa pili mwache. Ukihisi mshipi unakwenda, hapo inua mkono, usivute, inua, kama unavyoinua kawa ya chakula uangalie. Na chambo kiwe kidogo, ncha ya ndoana itokeze. Unafunika ndoana yote kama unaificha isione aibu.

Sasa na mimi nina langu. Silima kaniuliza, "Huyo mtu anakuandikia nini kila wiki?" Nikamwambia habari za nyumba. Niliona haya kumwambia kuwa aliyeniacha ananiandikia habari za chubwi.

Wewe unajua, wala sikufundishi, unakaa darsani kila baada ya Magharibi. Mwanamke wa umri wangu damu imeshakatika, eda yake ni miezi mitatu. Mwezi wa Mfunguo Saba ukiandama, yangu imekwisha. Mpaka jioni hiyo neno ni lako peke yako, huhitaji ruhusa yangu wala ya kaka. Baada ya hapo si lako tena.

Mchele na unga naupokea na nashukuru. Najua ni haki ya mwanamke aliye edani, na wewe hujawahi kumdhulumu mtu haki yake.

Bashira anapita kila Alkhamisi. Kama una la kusema.

Mwanapili


Jang'ombe, Jumatano, 13 Agosti

Mama Sumaiya, mke wangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh! Nimepata! Chaa tisa, na tasi mmoja kanichoma mwiba, mkono umevimba kama andazi lakini siuoni uchungu. Niliinua kama kawa, wallahi kama kawa. Nikampitishia Tahir wawili nyumbani kwake. Akafungua mlango, akatazama, akasema, "Umewanunua wapi?" Nikamwambia, "Muulize mke wangu."

Hayo ya mwezi na eda usinikumbushe, hesabu naijua. Nimepaka rangi chumba chetu, kijani ile laini. Na kitanda nimekitia godoro jipya, nimelishona mwenyewe, si pamba ya mitaani.

Sasa nina hamu nyengine. Kuna kolekole pale nje ya jabali la mwisho, maji yakijaa nawaona wanapita, migongo inang'aa. Nataka mmoja kabla ya mwezi huo uliousema, nikuletee mwenyewe. Nifunge waya? Ndoana ipi? Tahir anasema waya lazima, mimi simwamini tena.

Nakuletea sukari na maziwa ya kopo, na tende nilizopewa na mteja aliyetoka umra.

Wako mwenye mkono uliovimba na furaha,
Shamsi


Mkokotoni, Alkhamisi, 11 Septemba

Baba Sumaiya,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa nikiandika, nachana.

Siku ya Maulidi Bashira kaniambia mtaa mzima unasema Fundi Shamsi kapaka rangi chumba, katia godoro jipya, anaoa. Akaniuliza, "Bi Mwanapili, ni nani huyo?" Nimuulize nani mimi? Basi nakuuliza wewe: rangi hiyo ni ya nani? Umesema chumba chetu. Ndani ya chetu hicho yumo nani?

Kolekole hafungiwi waya. Waya ni wa mzia mwenye meno ya kukata. Kolekole hana meno ya hivyo, ana nguvu na ana macho, akiuona waya anageuka. Funga mshipi mnene wa urefu wa mikono yako miwili, ndoana nene yenye shingo fupi, na chambo awe samaki mdogo aliye hai, mtoboe mgongoni juu ya uti, usimtoboe uti. Akishika usishindane naye. Mpe mshipi. Aliyekufundisha kuwa mtu akikimbia ndio umkaze zaidi hakukufundisha vyema.

Siku zilizobaki unaweza kuzihesabu hata wewe. Uniandikie Alkhamisi ijayo, tafadhali, jambo lolote uliloamua. Hata likiwa baya.

Mwanapili


Jang'ombe, Jumatano, 24 Septemba

Mke wangu,

Takbiri! Nimempata!

Wiki iliyopita sikukuandikia kwa makusudi. Nilisema siandiki tena mpaka niandike na samaki mkononi. Siku sita nimekwenda, siku sita nimerudi mtupu, mshipi umekatwa jabalini mara mbili, sandali imechukuliwa na maji. Jana alipokula nikampa mshipi kama ulivyosema. Akaenda, nikampa. Akaenda tena, nikasema Ya Rabbi huyu anakwenda Bara. Kisha akachoka. Tahir mwenyewe ndiye aliyeteremka kumkamata mkia. Jina la Bwana Papa limekwisha leo.

Umeniuliza rangi ya nani. Nilicheka peke yangu. Ya nani kama si yako? Mke ninaye, nimlishe, nimuandikie, nimpakie rangi, halafu nioe mwengine wa kazi gani? Mimi nimeshakurejesha moyoni tangu mchele ule wa kwanza.

Keshokutwa baada ya sala ya Ijumaa nakuja na gari ya Tahir. Kolekole nimempasua, nimemtia barafu. Funga mizigo.

Mumeo, Shamsi


Mkokotoni, Alkhamisi, 25 Septemba

Bwana Shamsi,

Usije.

Mwezi wa Mfunguo Saba umeandama juzi Jumanne. Tuliuona hapa uani, mimi na wifi. Silima kaniambia, "Basi, Mwanapili, uko huru." Nikaingia ndani kusali Magharibi, sijdani nikakaa mpaka wifi akaja kunigusa mgongo.

Juzi ile ile unayosema ulikuwa unampa kolekole mshipi.

Sasa wewe kwangu ni mtu kando. Ukija na gari ya Tahir nitakaa ndani na sitatoka, na hutanipandisha garini kwa kuwa si halali. Nakuandikia barua hii kwa ruhusa ya kaka, naye ataisoma kabla haijafungwa.

Umesema umenirejesha moyoni. Mimi moyo wako nitauona wapi, Bwana Shamsi? Nilikuwa nakaa kila Alkhamisi naisoma barua mara ya kwanza haraka haraka, natafuta neno moja tu, nimekurejea. Kisha naisoma mara ya pili polepole, labda nimeliruka. Kila mchele uliokuja niliusoma hivi: huyu anatimiza haki ya eda, anamaliza, anaoa. Wala sikukuuliza wazi, kwa sababu mwanamke aliyeachwa kwa kicheko haombi kurudishwa. Hapo na mimi nimekosea, lakini neno halikuwa langu.

Kolekole mgawieni majirani.

Mwanapili binti Muhammad


Jang'ombe, Jumatano, 1 Oktoba

Kwa Bwana Silima na dada yake Bi Mwanapili,

Assalamu alaykum. Bwana Silima, nakuomba uisome hii hadi mwisho kabla hujaitupa.

Nimekwenda kwa sheikh wetu wa darsa. Nilikwenda na hasira, nikimlaumu Mama Sumaiya kuwa kanihesabia siku. Nikamueleza kila kitu. Kaniuliza, "Ulimtamkia kuwa umemrejea?"

Nikasema, "Nilimpelekea mchele."

"Mchele ni wajibu wako, alikuwa edani. Ulitamka?"

"Nilimuita mke wangu, sheikh, barua mbili."

"Mke wa talaka rejea ni mkeo mpaka eda iishe, hukumwambia jipya. Uliandika kuwa umemrejea, kwa nia hiyo?"

"Hapana."

"Sasa uliandika nini miezi mitatu?"

Na wanafunzi wake wote wanasikiliza. Nikasema, "Habari za ndoana, sheikh." Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Najiuliza ningepungukiwa nini. Neno lenyewe fupi. La kumuacha nililisema kwa pumzi moja, barazani, mkono umeshika kopo la ndoana. La kumrejea nikadhani halihitajiki, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nishajisamehe. Nilidhani nikiuliza namba ya ndoana yeye anasikia kuwa nasema samahani. Nimekaa naye miaka ishirini na zaidi, na sikuwahi kumwambia samahani kwa jina lake. Kila mara nilikuwa nauliza kitu chengine, na yeye ananijibu. Nikazoea.

Sumaiya amejua. Kanipigia, "Baba, umefanya nini?"

Bwana Silima, naomba kuja kumposa dada yako, kwa mahari atakayotaja, na mashahidi, kama mtu mpya. Nami namuomba radhi. Bi Mwanapili, samahani. Nimeiandika.

Shamsi bin Abdulla


Mkokotoni, Alkhamisi, 9 Oktoba

Bwana Shamsi,

Wa alaykumu salaam. Kaka kaisoma barua yako, kaikunja, kaitia mfukoni. Jana wakati wa chakula kasema, "Akija, aje na watu wazima wawili, asije na Tahir." Kwa Silima huko ndiko kukubali, lakini usijitie tamaa.

Njoo Jumapili baada ya Adhuhuri. Atakuweka barazani muda mrefu, na chai hatakuletea mapema. Usikasirike ukaondoka. Atakukumbusha kila neno ulilonitamkia jioni ile, mbele ya watu wako. Yasikilize yote. Usijibu kuwa nilikucheka. Nilikucheka kweli, na ningekucheka tena.

Mahari nimeshamtajia kaka, wala sikutajii wewe. Utaambiwa hapo hapo.

Nataka ujue jambo moja kabla hujafunga safari, nisije nikakuonea. Uliponioa mara ya kwanza nilikuwa mwari. Wazee walipokuja kutaka idhini yangu niliinamisha uso, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa nimeridhia. Ndivyo ilivyo kwa mwari. Safari hii haihesabiwi. Mwanamke aliyekwishaolewa lazima atamke mwenyewe, kwa ulimi wake, wasikie. Asiposema, hakuna ndoa, hata mahari iwe imeshawekwa mkekani na ubani umeshafukizwa.

Kwa hiyo Jumapili, kaka akimaliza nawe, watakuja mlangoni kwangu wataniuliza. Utakuwa umekaa barazani, utasikia sauti yangu kwa mara ya kwanza tangu Mfunguo Nne.

Nitakalosema sikuandikii. Na wewe ulingojee.

Mwanapili